Mama Mihayo na Tambi Zake za Vikopo

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani zetu wa Katoro na ninyi mliotoka mbali, mimi ni Hosiana, mtoto wa mwisho wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu kabla hatujamsindikiza, nitajitahidi kufika mwisho, nikikwama mnivumilie.

Mama yetu, Bernadina Bujiku, alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 katika kijiji cha Songwa, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Bujiku, mfugaji na mkulima wa pamba. Alianza shule ya msingi Januari 1964 na kumaliza darasa la saba mwaka 1970, alifaulu vizuri lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache, akabaki nyumbani akikamua ng'ombe na kuvuna pamba.

Mwezi Mei 1972 alipata kazi za ndani Mwadui, kwa mhandisi mmoja wa mgodi, Myahudi kutoka Uingereza, ambaye mke wake kila mtu alimwita Mama Debora kwa jina la binti yao mkubwa. Katika nyumba ile, kwa kushika Sabato yao, jua likizama siku ya Ijumaa hawakuwasha moto tena hadi Jumamosi jioni, kwa hiyo Ijumaa mchana Mama Debora alichemsha tambi pana, akazichanganya na mayai, sukari, siagi, mdalasini, zabibu kavu na jibini laini, akazioka kwenye trei hadi juu pakawa pa kahawia, chakula ambacho wao walikiita kugeli. Jibini ilikuwa ya shida kupatikana, mama akamwambia, "Mama Debora, usihangaike, kwetu maziwa yapo," akaleta mtindi kutoka Songwa, akaufunga kwenye kitambaa na kuutundika mpaka maji yakaisha, na tangu siku hiyo jibini ikawa kazi yake.

Watoto wanne wa nyumba ile waligombana kila Ijumaa, kila mmoja akitaka kipande cha pembeni chenye ukoko, hadi siku moja mama akachukua vikombe vidogo vya bati, akapaka siagi, akamwokea kila mtoto cha kwake, kila mmoja akapata ukoko wake pande zote. Mama alipenda kutusimulia jinsi Mama Debora alivyosimama pale jikoni akicheka, akamwambia, "Bernadina, bibi yangu amepika hii maisha yake yote, hakuwahi kufikiria hivyo." Familia ile ilirudi kwao mwaka 1976, ikamwachia mama vile vikombe.

Tarehe 23 Julai 1977 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Benedict Maige, fundi mitambo wa pale Mwadui, wakajaliwa watoto sita, wa kwanza kaka yetu Mihayo aliyezaliwa mwaka 1978, na wa mwisho mimi, mwaka 1993. Mwaka 1996 tulihamia hapa Katoro, baba akafungua karakana, na alipofariki kwa maradhi mwaka 2001, mama alibeba jiko lake akaenda sokoni kuuza tambi zile za Mama Debora.

Ndugu zangu, mliokula tambi zile mnazikumbuka, alizioka kwenye sufuria kubwa lililotandikwa mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, vikopo vimepangwa ndani kama vifaranga, mdalasini ukanukia hadi stendi. Hakuwahi kuzipika pamoja na nyama, tulimuuliza sababu akajibu, "Ndivyo nilivyofundishwa kwa Mama Debora, maziwa na nyama havikai pamoja." Mwanzoni watu walisema tambi za sukari ni chakula cha Iddi, huyu Mkristo anauza nini, lakini wachimbaji wa dhahabu ndio waliomtoa, maana kikopo kinaingia mfukoni, na tambi zilizoshikana hazimwagiki njiani.

Kaka Mihayo naye alikuwa mchimbaji. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2004 alipita sokoni, mama akampa kikopo kikiwa bado cha moto, mchana wa siku hiyo duara, yaani shimo la dhahabu alilokuwa akichimba, likaporomoka na kumfukia. Baada ya mazishi mama alifungia vikopo vyote kwenye gunia, akauza vitumbua, na kwa miaka sita na zaidi hatukusikia harufu ya mdalasini nyumbani kwetu. Hakulia mbele yetu, ila alikuwa na swali moja aliloturudishia mara nyingi, kama mwanawe aliingia chini ameshakula au aliingia na njaa.

Jumapili moja ya Novemba 2010, baada ya misa, alikuja nyumbani Damian, aliyekuwa akichimba na kaka, mtu ambaye tangu msiba ule alikuwa akituona anabadili njia. Nilikuwepo, nilikuwa nachambua mchele. Alisalimia shikamoo, akakataa kiti, akachuchumaa mbele ya mama na kusema, "Mayu, mama yangu, siku ile zamu ilikuwa yangu, nilikuwa na homa, Mihayo akaniambia nipumzike, akaingia yeye." Mama akauliza neno moja tu, "Alikula?" Damian akasema, "Alikula, mayu, tuligawana kikopo, akanipa mimi nusu kubwa kwa sababu naumwa, ya kwake akaimaliza, akakwangua na ukoko." Hapo ndipo nilipomwona mama akilia. Alilia hadi kitenge kikalowa, akamshika Damian kichwa kwa mikono miwili, akamwambia, "Mwanangu, mbona umechelewa hivi?" Kisha akanituma dukani nikanunue tambi na mayai, akafungua gunia mwenyewe.

Tangu siku ile Damian ni kaka yetu, ndiye huyo mnayemwona amesimama upande wa kichwani mwa jeneza, na mama aliendelea na kazi yake hadi miguu ilipoanza kuvimba, Juni 2024, ikabainika moyo wake umepanuka. Alitibiwa hapa, kisha hospitali ya rufaa jijini Mwanza, ambako alifariki Jumamosi tarehe 18 Januari 2025, saa tatu asubuhi, Damian na mimi tukiwa tumemshika mikono. Ameacha watoto watano na wajukuu kumi na wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, Baba Paroko na jumuiya yetu, majirani waliolala nasi siku zote hizi, akina mama wa soko la Katoro waliofunga meza zao leo, na wachimbaji ambao tangu juzi wanachimba kaburi hili na wamekataa hata soda.

Mama, miaka yote hii umekula wewe wa mwisho, tena umesimama. Leo kila mtu ameshapata, hakuna anayekusubiri. Keti, mama yetu, pumzika kwa amani.