Mke wa Masumbuko, kwa Kijerumani Pia

Marehemu Gentille Nabintu, Mama Jolie, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kalehe, Kivu Kusini, binti wa tatu wa mzee Nshombo. Leo tunamsindikiza kutoka Beechmont, hapa Louisville, Marekani, na hata udongo wa kumfunika si wa kwetu.

Alisoma shule ya msingi Kalehe, kisha sekondari Bukavu, hadi vita vya 1996. Shule haikumshinda. Alimkumbusha hivyo kila mtu wa familia aliyeacha diploma katikati bila kufukuzwa na risasi.

Tarehe 12 Agosti 2000 aliolewa na Masumbuko. Ng'ombe na mbuzi walifika, wazee wakala, wakashuhudia. Harusi ya kanisa ingefuata. Haikufuata. Mwaka 2009, wakikimbia, walipotezana njiani, Jolie akiwa mgongoni kwa mama yake.

Alifika Buffalo, Marekani, kama mkimbizi Novemba 2014, theluji ikiwa magotini. Ofisi ya wakimbizi wakamuuliza kama ana mume. Anaye. Yuko wapi? Hajui. Basi wewe ni mjane? Hapo akakataa kabisa.

"Sijamlilia, sijamzika. Mjane wa nani?"

Kwetu mtu haitwi maiti kwa sababu amechelewa. Karani alikuwa na haraka, akaandika "single". Mke wa mtu akarudishwa usichana, na mtoto mkononi.

Mwaka 2017 alihamia Gahanna, Columbus, akawa anatunza wazee. Mwaka uliofuata Masumbuko akapatikana, mzima, yuko Kassel, Ujerumani. Mama Jolie akaomba kumfuata. Ndipo Kijerumani kilipoingia jikoni, kikiletwa na Nafula, Mkenya aliyefanya naye kazi, ambaye alikisoma Nairobi.

"Bon, 'wife' wanasemaje?"

"Ehefrau. Ama Frau tu."

"Na 'Mrs'?"

"Frau."

"Na mwanamke yeyote, anapita tu?"

"Frau pia, mama."

"Donc wanawapa wote, mimi tu ndiye wananinyima! Na 'single'?"

"Ledig."

"Hilo ulifiche."

Halikufichika. Ndilo lililoandikwa karatasi zake zilipotafsiriwa, ndilo lililopelekwa Ujerumani, na jibu likaja kwamba Masumbuko hana mke Marekani. Aliomba tena kutoka Louisville, alikohamia 2020 na kufunga maboksi kiwandani Jeffersontown. Wakataka mashahidi. Wazee waliokula wale mbuzi walikuwa wamekwisha kufa.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Kitandani alishika sentensi moja, "Ich bin seine Frau", mimi ni mke wake, akimwambia kila muuguzi aliyeingia. Walimjibu, "Okay, honey," wakampima presha. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, bila kumwona tena. Masumbuko aliomba ruhusa ya kuja kuzika. Alikataliwa: marehemu si wake. Tumetafuta neno la faraja la kuweka hapa. Hatukulipata.

Ameacha binti yake, Jolie. Mdogo wa marehemu, Kataliko, anayewasomea haya. Na rafiki yake, Nafula. Na mbele yao wote, anayetusikiliza kwenye simu aliyoishika Jolie, mume wake, Masumbuko.

Shemeji, hapa hakuna anayekuuliza cheti. Yeye alikataa kukulilia miaka yote ile. Wewe mlilie. Deine Frau, mke wako, tunamlaza sasa. Amani aliyonyimwa juu ya ardhi aipate humu.