Selestine Asiwashe Tena Utambi

Bwana Meneja, Mheshimiwa Mtemi, Bwana Daktari, ndugu zangu wa shimoni, na wewe Mama Mbuke, mke wa mtu tunayemuaga: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi nyapara Januari nimeambiwa nimsifu Selestine kabla lori halijampeleka kwenye machimbo mapya ya upande wa Masumbwe, akawashe baruti huko kama alivyowasha hapa Geita. Nitamsifu. Nani kati yetu aliwahi kumwona akitazama saa? Aliwasha utambi, akatembea bila haraka, akajibanza nyuma ya mwamba, akasema "sasa," na baruti ikalia. Tuna vidole vyetu kwa sababu yake.

Lakini nina habari ya panya. Panya wa kule chini walizoea makombo ya ugali wetu, wakawa wanatoka kengele ya chakula ikikaribia kulia, bila kuambiwa na mtu. Siku moja jiwe likampiga mmoja kichwani. Hakufa. Kidonda kilipona, mbio alikuwa nazo, na pahali pa makombo alipajua. Kilichompotea ni wakati. Mara atoke asubuhi angoje peke yake, mara atoke wenzake wameshakula. Tulimcheka sana, mpaka toroli lilipomkuta relini.

Masika haya mwamba ulimwangukia Selestine kichwani. Bwana Daktari, ulimshona vizuri. Ulimwuliza jina lake, la mkewe, la kijiji chake, akajibu yote, ukasema amepona. Je, ulimwuliza utambi unachukua muda gani kuungua? Mama Mbuke anasema mumewe anarudi kutoka zamu, anakula, kisha anavaa buti arudi tena. Mwezi jana alitega baruti kwa ustadi ule ule, akawasha, halafu akasimama palepale akitusimulia habari za ng'ombe wake. Theonest, mwenzetu wa zamu, alimvuta kwa mkanda. Selestine akatoka mzima, Theonest akaacha mkono wake kule. Nanyi wakubwa mkasema Theonest alizubaa!

Selestine, keti ndugu yangu, bado sijamaliza. Mmeona? Amesimama kushukuru na hakuna aliyemwita. Msicheke, jamani. Naumia mkicheka.

Bwana Meneja, mtu huyu mnampeleka kufa, na atakufa na wenzake. Mpe ufagio, mpe lango alinde, mpe kazi yoyote isiyo na moto. Mama Mbuke, mizigo isipande lori.

Wabeja, asanteni kwa kunitegea masikio. Kwa desturi sasa ningeketi. Siketi, Bwana Meneja, mpaka utujibu.