Historia ya Sydney Osundwa, Aliyekataa Kuiacha Seva

Mchungaji, wazee wa Shianda, wakwe zetu kutoka Khayega, na wenzake wa kazini mlioketi hema la pili, mimi ni Dorothy Awinja, dada yake mkubwa Sydney, fundi wa simu hapo sokoni, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote, hata pale ambapo baadhi yetu tungependa niruke.

Sydney Osundwa alizaliwa hapa Shianda tarehe 9 Machi 1988, kitinda mimba wa nyumba hii, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1995 hadi 2002, akamaliza sekondari mwaka 2006, kisha mwaka 2008 akaenda chuo cha Sigalagala kusomea kompyuta, akahitimu 2010, na kila akirudi likizo tulibishana, kwa sababu mimi ufundi nimejifundisha mwenyewe na sipendi kusahihishwa, naye alikuwa ananiambianga, "Dada, wewe unafungua simu kwanza, halafu ndio unamuuliza mwenyewe ina shida gani."

Tarehe 16 Januari 2012 aliajiriwa na Chuo cha Mwangaza Magharibi, mjini Kakamega, akakabidhiwa seva, na kwa wale wasiojua, seva ile ni mashine moja kubwa iliyobeba mashine pepe nyingi ndani yake, zisizoshikika kwa mkono, hii ya karo, hii ya alama za wanafunzi, hii ya maktaba, na kabla ya kubadilisha chochote alikuwa anachukua kinachoitwa snapshoti, alama ya kurudia mambo yakiharibika. Snapshoti si nakala ya akiba, alilisema hilo mpaka watu wakachoka, ni kitu cha siku mbili tatu kisha kinafutwa, kwa maana ikiachwa, kila jambo jipya linarundikwa pembeni mpaka diski inajaa, na siku ya kuifuta lazima rundo lote lirudishwe mahali pake polepole, kwa saa nyingi, na mtu akiizima mashine katikati ya kazi hiyo, anaweza kuharibu kila kitu.

Tarehe 17 Desemba 2016 alifunga ndoa na Jescah, binti wa Khayega, mnayemwona hapa mbele, wakajaliwa Shantel mwaka 2017 na Beverlyne mwaka 2020, na alikuwa baba wa kupika obusuma, ugali wetu, mwenyewe jioni, wanawe wakimcheka kwamba mwiko unampeleka badala ya yeye kuupeleka.

Mwaka 2022, mwezi wa Agosti, kazi kama ile ya kufuta snapshoti ikiwa inaendelea, mtu alikosa subira akaizima seva, alama za wiki mbili zikapotea, na aliyepewa onyo ni Sydney, naye hakumtaja mtu.

Januari mwaka huu wa 2025 mfumo wa karo ulibadilishwa, Sydney akataka kufuta snapshoti baada ya siku tatu kama kawaida yake, Bwana Kiprono, mkuu wa fedha, akamwambia, "Iache hapo, ikae kama bima," ikakaa miezi minne, na Jumanne tarehe 13 Mei diski ikajaa, karo ikasimama, wiki ile ile ya wanafunzi kujiandikisha kwa mitihani.

Usiku huo tumbo lilimshika, na Jumatano asubuhi daktari wa kliniki alimwambia ni apendiksi, aende hospitali kupasuliwa siku hiyo hiyo, lakini yeye akapitia kazini, akapata nafasi kidogo kwenye diski, akaanza kuifuta ile snapshoti, akaketi kuilinda mashine isizimwe. Farouk, msaidizi wake kutoka Matungu, alimsihi, "Nenda, kaka, wallahi nitaketi hapa mimi," Sydney akamjibu, "Wewe hutaizima, najua, lakini mkubwa akisimama hapo mlangoni akafoka, utamkataza?" Bwana Kiprono alipiga simu mara kwa mara kuuliza itaisha lini. Jescah naye alipiga akilia, akimwambia aondoke. Mimi nilikuwa pale, nimemletea uji, nikamwona amejikunja juu ya meza, na badala ya kumshika mkono nimtoe, nilimwambia kwa ukali, "Maliza kazi ya watu, tumbo haliui mtu."

Saa sita mchana alianguka, tukambeba hadi gari la Bwana Kiprono, akapasuliwa alasiri, lakini apendiksi ilikuwa imeshapasuka, sumu ikasambaa mwilini, akapigana nayo mpaka Jumapili tarehe 25 Mei, saa kumi na moja alfajiri, alipotutoka, akiwa na miaka thelathini na saba.

Jumanne iliyopita Bwana Kiprono alikuja hapa nyumbani, akaketi na Mama Shantel, akasema aliyeizima seva mwaka 2022 ni yeye, kisha akanigeukia, "Dada, isome mbele ya watu, na jina langu ulitaje." Nimelitaja, na kosa langu nimelisema, kwa sababu sitaki mtu atoke hapa akisema ni mapenzi ya Mungu peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya yote baada ya sisi kuchelewa, majirani mliolala nasi kwenye baridi na kuleta kuni na kuku, wafanyakazi wenzake mliosimamia jeneza, na Farouk zaidi, ambaye siku ile alibaki na seva peke yake.

Mdogo wangu, hakuna aliyekuambia. Kazi ile iliisha saa nane mchana, Farouk alikuwa ameketi pale, wakubwa wote walisimama nje ya mlango, na hakuna aliyegusa kitu, alama na karo ziko salama. Tuliweza kungoja bila wewe. Pumzika kwa amani, Sydney.