Mjenzi Amesahau Lugha ya Zamani

Mbele ya geti la hospitali kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Halina mwenyewe ila wanaolikalia. Jumapili moja mchana walilikalia Spana, fundi magari, Mkasi, mshonaji, na Toleo, mtu wa kompyuta wa hospitali. Jina la Toleo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na benchi, kwa sababu kila balaa aliyoisimulia ilianza na neno hilo. Leo kahawa yake ilikuwa imepoa hajaigusa, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

— Haya, tueleze kama watoto, Mkasi alisema. Kimekufa nini?

— Ratiba ya mashine za figo. Hupangwa na programu. Kila Ijumaa programu hiyo hujengwa upya na mtambo tunaouita Mjenzi, ili ipokee wagonjwa wa wiki mpya. Mjenzi hufuata maagizo, na maagizo yameandikwa kwa lugha ya kompyuta. Sasa lugha hiyo ina matoleo, la zamani na jipya, na hayaelewani.

— Kama babu na mjukuu, Mkasi alisema.

— Babu na mjukuu huelewana, bwana. Haya ni kama mtu na mtalaka wake.

— Si umwambie huyo Mjenzi atumie la zamani? Spana aliuliza.

Toleo alisugua macho, akawaeleza. Ofisini kwao palikuwa na desturi: mahali pa kuandika namba ya toleo, kila mtu aliandika "lililopo". Kuandika namba kulionekana ushamba. Kwa miaka mingi lililopo lilikuwa lile lile, mambo yakaenda. Juzi Mjenzi alitafuta lililopo, akakuta jipya, akalikumbatia. La zamani akalifuta, na maagizo yaliyoandikwa kwa la zamani yakamshinda kusoma.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Mkasi alisema kwa busara.

— Mwenyeji kafukuzwa, Mkasi! Kapona wapi?

— Mi naona hila hapo, alisema Spana. Hata watengeneza magari wako hivyo. Wanabadili kichwa cha nati ili spana yako isiingie, ununue nyingine.

— Lugha hii ni ya bure, Spana.

— Ndiyo hatari zaidi! Cha bure kina mwenyewe anayekungoja mbele.

— Acha zako, Mkasi alidakia. Hao watunga lugha wamekosa kazi tu. Mke wangu akikosa kazi huhamisha kabati, nami najigonga wiki nzima. Haba na haba hujaza kibaba.

— Au lugha yenyewe imesusa! alisema Spana. Mmeitumikisha bila hata asante. Kesho mtasikia mashine nazo zinadai toleo lao. Keshokutwa geti.

Walicheka. Toleo alikisogeza kando kikombe chake.

— Kalitafute la zamani, basi, Spana alisema.

— Nimezunguka maghala yote ya mtandaoni. Wameliondoa. Wanasema muda wake wa kutunzwa umekwisha.

— Yageuze maagizo yafuate jipya.

— Nafanya nini tangu juzi? Nikinyoosha mstari huu, ule unapinda. Aliyeyaandika ni marehemu shemeji yangu, na alichokijua alikwenda nacho.

— Tumieni ratiba ya wiki jana.

— Ina watu tuliokwisha kuwazika, kaka. Na wapya hawamo.



Mama mmoja alikuwa kando, akingoja muuza kahawa amjazie chupa. Toleo hakumwona mpaka alipokohoa.

— Samahani, wanangu. Nimesikia mkitaja mashine za figo. Mume wangu yuko nyumbani, miguu imeshavimba. Saa yetu hutumwa kwenye simu kila Jumapili asubuhi, na leo haijaja.

— Shikamoo, mama, Toleo alisema, akisimama.

— Marahaba, baba. Hayo matoleo mimi siyajui. Nataka kujua kimoja tu: kesho nimlete saa ngapi?

Mkasi, ambaye methali hazikuwahi kumwishia, alijisogeza kumpisha mama akae. Toleo alitaka kusema "asubuhi", kwa kuwa asubuhi ni neno zuri. Lakini bila ratiba hakujua asubuhi ni ya mgonjwa gani.

Mama aliendelea kumtazama, akingoja.