Mama Subiri Apewa Ruksa ya Kuruka

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, muuguzi mkuu wa kitengo chetu cha abiria wagonjwa anastaafu. Jina lake kamili analijua mhasibu. Sisi wengine, pamoja na marubani, tunamwita Mama Subiri, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia kila mgonjwa aliyekuja kuomba ruhusa ya kupanda ndege.

Barua ya daktari aliisoma, akaikunja, kisha akamwalika mgonjwa watembee kwenye korido mpaka madirishani na kurudi, huku wakipiga soga. Aliyeweza kuwasema wakwe zake njia nzima bila kuhema alipelekwa kwa daktari wa kampuni akatiliwe saini. Aliyesimama katikati akijifanya anasoma ubao wa matangazo alirudishwa nyumbani kwanza. Hewa ya ndegeni ni nyepesi, husema Mama, na huko juu hakuna kituo cha kushukia.

Wajanja hawakukosa. Bwana mmoja aliyepasuliwa tumbo juzi yake aliapa kwamba kovu lile ni la utotoni. Mama hakubishana naye. Alimsimulia kichekesho, na jamaa akacheka huku ameshika tumbo, machozi yanamtoka. Alisafiri mwezi uliofuata.

Mwaka jana moyo wa Mama mwenyewe ukaanza kusuasua. Miguu ilivimba, akalazwa. Wakati huohuo binti yake wa pekee, anayeishi ng'ambo, akajifungua mtoto wa kike na kumpa jina la bibi yake. Basi Mama akaja na barua ya daktari wake, lakini mganga hajigangi, ikabidi mimi msaidizi wake nitembee naye. Alianza vizuri, akinisema kwa kuchelewa kazini. Tulipofika kwenye ubao wa matangazo, akasimama kusoma. Tangazo lenyewe aliliandika yeye.

Nilimwambia asubiri. Roho iliniuma, naye alininunia wiki nzima.

Akameza dawa, akaagana na chumvi, na kila mwezi akarudi koridoni. Mwezi uliopita tuliupita ubao, tukafika madirishani, tukageuka, bado ananisema. Alitoka kwenye kuchelewa akahamia kwenye shati langu, akamalizia na jinsi ninavyowadekeza wanangu. Sijawahi kufurahia kusemwa namna ile. Daktari wa kampuni alitia saini kwa sharti moja: kiti cha magurudumu hadi mlango wa ndege, kilekile alichowakalisha wengine kwa nguvu miaka yote. Amekubali kwa shingo upande.

Mama, tunakushukuru kwa niaba ya wote waliofika salama, na ya wale waliokukasirikia wakafika baadaye, nao salama. Tunakutakia maisha mema, usingizi usio na kengele ya ofisi, na mikono yenye nguvu ya kumpakata mjukuu. Ndege ni kesho asubuhi, na kiti kipo mlangoni.

Mtoto amesubiri vya kutosha. Ruksa, Mama.