Kunguni Wasiokufa wa Gesti ya Shemeji

Benchi lililo nje ya saluni ya Kinyozi lina mguu mmoja mfupi, na kila anayekaa upande ule huongea huku anayumba. Huko ndiko alikokaa Bomba Jumamosi ile asubuhi, kwa sababu pande nyingine zote zilikuwa zimeshakaliwa na watu waliokuwa wakimsema. Bomba ni mpuliza dawa ya wadudu, na jina alilipata kwa lile bomba la mgongoni ambalo halivui ila akienda kulala. Mtaa mzima ulikuwa unamwamini, mpaka shemeji yake, mwenye gesti ya pale kona, mume wa dada yake wa tumbo moja, alipoanza kutangaza kwamba dawa ya Bomba ni maji matupu. Wiki haikuisha, wateja wakawa wanamkwepa njiani. Ebo! Mtu afanye kazi yake kwa jasho lake, kisha aje kuitwa tapeli, tena na shemeji? Bomba alikuja kijiweni na mfuko mweusi wa plastiki, akausukuma chini ya benchi, akaomba kahawa. Siku hiyo alikuwa amekuja kulisafisha jina lake.

— Amefika, akasema Redio, anayeitwa hivyo kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Muulizeni mwenyewe.

— Muulize wewe, wewe si ndiye mtangazaji? Kinyozi akamjibu, huku anamimina kahawa kutoka kwenye birika lake.

Wala haikuhitajika kuuliza. Shemeji alikuwa amekaa katikati ya benchi, mikono kifuani, kama hakimu aliyeshaandika hukumu akiwa nyumbani.

— Shemeji, mimi na wewe ni ndugu, akaanza. Lakini wageni wangu wanaamka wamejikuna mpaka wamevimba. Umepuliza, ukarudia, ukarudia tena. Kunguni wanaoga hiyo dawa yako, wanajikausha, wanaendelea na kazi!

— Dawa ni ile ile.

— Basi imegeuka maji.

— Dawa haijageuka, shemeji. Waliogeuka ni kunguni.

Kijiwe kikaangua kicheko. Redio alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Wamegeuka! Wamekuwa nini, kuku?

Bomba alisikia masikio yanamuwaka. Alikuwa amejiapiza nyumbani kwamba leo hatakasirika, na akatimiza. Akauvuta ule mfuko, akatoa chupa mbili za jemu, midomo imefungwa kitambaa cha chandarua kikuukuu, moja kwa uzi mwekundu, nyingine kwa mweupe. Ndani kulikuwa na kunguni wanazurura.

— Hawa wa uzi mwekundu ni wa gestini kwako. Dada alinifungulia chumba cha mwisho, nikawakusanya kitandani. Hawa wa uzi mweupe wametoka nyumba moja ambayo haijapulizwa dawa tangu ijengwe.

— Nyumba ya nani? Redio akadakia.

— Nyumba ya watu.

— Watu gani?

— Redio, hayo si ya leo.

Na kweli hayakuwa ya leo wala ya kesho. Kunguni wale walitoka chini ya godoro la mama mkwe wake, na mtu mwenye akili zake hawezi kusimama barabarani kutangaza kwamba kwa mama mkwe kuna kunguni. Mke wake ndiye aliyekwenda kuwachukua, kwa kisingizio cha kumfagilia mama chumba. Mama huyo amekataa dawa miaka nenda rudi. Anasema inanuka, na mkwe wake akapulize kwake mwenyewe.

Bomba akamkabidhi Shemeji kopo la dawa, lakiri yake bado haijaguswa.

— Fungua mwenyewe. Pima maji mwenyewe, kama kopo linavyosema. Puliza mwenyewe. Mimi nitakaa hapa na kikombe changu.

Shemeji alifungua, akanusa, akapima maji jicho moja likiwa kwa Bomba. Akajaza bomba dogo la mkono, akapuliza chupa ya kwanza, akapuliza ya pili, akaziweka zote juu ya stuli mbele ya kila mtu. Kinyozi akateleka birika jingine, maana dawa ile haiui papo hapo, na watu wazima hawawezi kungoja midomo mitupu.

— Mimi ninajua siri yao, Redio akaanza. Hao wa gesti wameizoea. Wamelamba dawa kidogo kidogo, miili ikakomaa. Kama mlevi: anaanza na kikombe, anamalizia na pipa.

— Halafu wakawafundisha watoto, Shemeji akamkejeli. Mama kunguni anawaweka wanawe kitako: wanangu, mkisikia bomba, zibeni pua.

— Kwani kunguni ana pua?

— Wa kwangu wana pua, wana mpaka vitambulisho!

— Hapana bwana, haiwezekani, akasema Kinyozi. Huyu Redio namnyoa upara tangu hajaoa. Kila wiki, wembe. Kama ni kuzoea, hicho kichwa kimezoea upara kuliko mpira. Mbona wanawe wote wamezaliwa na nywele?

Wote wakamgeukia Redio, wakakitazama kichwa kana kwamba ndiyo kwanza wanakiona. Bomba aliruka benchini kwa furaha, ule mguu mfupi ukagonga sakafu.

— Hapo hapo! Usitoke hapo, Kinyozi! Upara wa wembe haurithiwi. Na kunguni naye vivyo hivyo: hakuna aliyejifunza, hakuna aliyefundisha mtoto.

— Sasa usugu wameutoa wapi? Shemeji akauliza.

— Wamezaliwa nao. Wachache. Kunguni wa kwanza wa gesti hawakuwa sawa wote. Ni kama sisi: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu haachi kuongea. Kati yao walikuwepo wawili watatu wenye ngozi nzito kidogo, au mwili unaoivunja dawa kabla haijawaua. Hawakuomba, ilitokea tu. Mimi nikapuliza. Wale laini wakafa. Nani akabaki kuzaa?

— Hao wagumu, Kinyozi akasema.

— Na watoto wakafanana na nani?

— Si wazazi wao!

— Nikapuliza tena, wakafa laini waliosalia. Wagumu wakazaa tena. Kila kunguni mmoja mmoja alibaki alivyozaliwa, lakini ukoo mzima ukageuka.

Shemeji akainua kidole polepole, kama mtu aliyemwona mwizi dirishani.

— Ngoja. Ngoja kwanza. Kumbe wewe ndiye uliyewafuga! Umenichagulia mbegu bora ya kunguni, tena kwenye vitanda vyangu!

— Loo! Redio akapiga makofi. Kesi inaanza upya!

Hilo Bomba hakulitarajia. Alikuja kujitoa kwenye utapeli, sasa amefanywa mfugaji. Akanywa funda la kahawa ili apate pa kupumulia.

— Ndiyo, akasema. Mfugaji wa kuku huchinja wasiotaga, akabaki na watagaji. Mimi na dawa moja ile ile tumemaliza wanaokufa, tukabaki na wasiokufa. Tofauti ni kwamba mfugaji anakusudia, sisi hatukukusudia. Na hayo ndiyo mageuko yenyewe, jamani. Hayana meneja.

— Basi mbona mimi sigeuki? Redio akalalamika. Tangu utotoni natamani kuruka. Natamani kwa moyo wangu wote. Sijaota hata unyoya!

— Kama kutamani kungeotesha kitu, Kinyozi akamwambia, mkeo angeshakuotesha breki mdomoni.

— Haya, na nyani? Shemeji akaingilia, sasa ameegemeza viwiko magotini. Hili limenikaa tangu shule. Kama binadamu alitoka kwa nyani, hawa nyani wa leo wanangoja nini? Mbona bado wapo?

— Hakuna aliyesema tumezaliwa na nyani wa leo. Tazama chupa. Hawa na hawa, huko nyuma bibi yao ni mmoja. Wengine waliingia gesti kwenye mabegi ya wageni, wakakutana na mimi. Wengine walibaki kwenye nyumba ya watu...

— Watu gani? Redio akauliza.

— ...wakaendelea na maisha yao huko. Hawa hawakuwazaa hawa, ni binamu. Shemeji, wanao na wanangu bibi yao ni mmoja, mama yangu mimi. Umewahi kumsikia mtu akiuliza: kama watoto wa Bomba wapo, mbona wa Shemeji bado wapo?

Redio akanyamaza. Wenzake wakamtazama kwa wasiwasi, kwa kuwa hawakuwahi kumwona hivyo. Lakini alikuwa anapakia maneno mapya tu.

— Kwa hiyo, akasema, siku moja kunguni atageuka mtu, aje kukodi chumba gestini!

— Bora, Shemeji akasema. Angalau atajikuna mwenyewe.

— Hawapandi ngazi, Redio! Bomba akasema, sauti imempanda. Hakuna kilele wanachokiendea. Anayeweza kuishi pale alipo ndiye anayebaki, basi.

— Maneno matamu, Shemeji akasema, akiegemea nyuma. Lakini hiyo ni nadharia tu.

— Nadharia? Basi geuka utazame stuli.

Wakageuka. Kwenye chupa ya uzi mweupe, kunguni walikuwa chali, miguu juu, hakuna anayetikisika. Kwenye chupa ya uzi mwekundu, mmoja alikuwa amelala, na wenzake wanamkanyaga wakizungukazunguka kutafuta njia ya kutokea. Shemeji akaiinua chupa, akaitikisa, akaishusha. Akaiinua nyingine. Birika likaanza kupiga mluzi bila mtu wa kuliepua.

— Nimechanganya mwenyewe, akasema mwishowe.

— Umechanganya mwenyewe.

— Na nimepuliza mwenyewe.

— Wewe mwenyewe, shemeji.

Shemeji akasimama, akamwelekea Redio.

— Tangaza! Shemeji yangu si tapeli. Dawa yake ni dawa. Tangaza mpaka sokoni, na kwa sauti kubwa kuliko ulivyotangaza yale ya kwanza!

Redio hakuambiwa mara mbili. Alipanda juu ya benchi, upande wa mguu mfupi, akayumba, akaanza kuwapigia kelele wapita njia: dawa ni dawa, kunguni ndio waliogeuka, njooni mjionee! Watu wakajaa. Bomba alifurahi, na hakuificha. Machozi yalimlengalenga, akacheka nayo hivyo hivyo, na Kinyozi akamjazia kikombe mpaka kikamwagika.

— Na hawa wangu nitawaua na nini? Shemeji akauliza, sasa kwa adabu.

— Moto. Mashuka tunachemsha, vitanda tunavipiga mvuke, ufa kwa ufa. Kwako kopo hili tuliweke kando.

— Na akitokea asiyekufa kwa maji yanayochemka? Redio akauliza kutoka juu.

— Hapo tutahama sisi.

Kicheko hakijaisha, watu wakapisha njia. Mama mkwe wa Bomba alikuwa anakuja, kikapu mkononi. Wanaume wote wakasimama, na Redio akashuka benchini.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nasikia mkwe wangu ameshinda. Hongera, baba.

Akaiinamia stuli, akazitazama chupa moja moja bila haraka.

— Hawa wanaotembea ni wa gesti, nimesikia. Na hawa waliokufa wametoka nyumba ya nani?

Kinyozi alikumbuka kwamba birika linahitaji kufutwa. Shemeji akatazama mawingu. Bomba, aliyejibu hadi swali la nyani, akajishughulisha kuukunja ule mfuko mweusi.

— Nauliza tu, mama akaendelea, maana juzi binti yangu alikuja kunifagilia chumba. Ufagio aliuacha mlangoni, akaingia na chupa ya jemu.

— Mama, nisamehe, mimi...

— Ngoja baba, sijamaliza. Hawa wangu wanakufa, au siyo?

— Wanakufa, mama.

— Na wa gesti hawafi.

— Hawafi, mama.

— Na gesti ipo mtaa wa pili tu kutoka kwangu.

Akaketi, akapokea kikombe kutoka kwa Kinyozi, akapuliza moshi wa kahawa.

— Basi kesho njoo na bomba lako, uje mapema. Kabla wangu hawajaoana na wa gesti.