Sahani Iliyotoka kwa Kasonde

Sogeeni hapa, karibu na mukeka wangu, na wewe Febby, mujukuu wangu, uwaambie wanaotwanga huko nje wapumzishe kinu kidogo, kwa maana sauti yangu leo haiwezi kushindana na kinu. Jairos, mwanangu wa kwanza, kaa upande huu wa sikio linalosikia. Eneless, binti yangu, kamata karatasi yako uandike ninavyosema, usinitengenezee maneno; mimi sikusoma, lakini najua mutu akibadilisha sauti yangu. Nyamazeni sasa. Nikinyamaza katikati musifikiri nimemaliza. Nitakuwa natafuta pumzi.

Mali yangu ni kidogo na nitaisema mwisho, musianze kuangaliaangalia pembe za nyumba. Kwanza ni ile sahani ya bati yenye ukingo wa bluu, iliyo juu kule nyuma ya kikapu cha chumvi, ambayo kwa miaka minne nimewakataza kulia chakula. Mukiniuliza nilisema ni ya wageni. Wageni walikuja, wakala katika sahani zingine, na ninyi mukaniona muzee aliyeanza kupoteza akili. Si ya wageni. Niliinyang'anya katika nyumba ya mugonjwa, mimi mama yenu, na ninyi mukiwa mumeshiba.

Ninyi mulizaliwa hapa Nchelenge, hamujui upweke wa muke aliyeletwa kwa mutumbwi. Mimi nilitoka Pweto, ng'ambo, baba yenu Mulenga akanileta na sufuria mbili na Kiswahili changu, na hapa Kiswahili ni cha kuuzia samaki, si cha kulilia. Bamama, wanawake wa hapa, wakinikuta tunakochota mayi walinisalimia kama mutu anayesalimia muchuuzi: bei gani leo? Miaka ishirini nilicheka walipocheka, na nusu ya maneno sikuyaelewa. Kisha mwaka wa hamsini na moja akaja muke wa muzungu aliyekuwa akipima samaki wa ziwa, akatukusanya kila Alhamisi kwenye baraza yake atufundishe kufuma soksi za sufu. Soksi, wanangu, hapa ambapo hata mbuzi anatafuta kivuli. Tulifuma kwa heshima, midomo imefungwa, jasho linaingia machoni. Kando yangu alikaa kijana mumoja muke wa muvuvi, mwembamba, meno ya mbele yana nafasi, akainua ile soksi yake iliyokuwa na matundu, akaninong'oneza kwa kile Kiswahili kibovu cha soko: "Yaya, hii ni ya muguu ao ni ya kuvulia samaki?" Nilicheka mpaka sindano zikaanguka. Alikuwa ameniita yaya, dada yake mukubwa. Siku hiyo ndiyo nilifika Nchelenge. Miaka ishirini ya nyuma nilikuwa bado niko njiani.

Huyo ndiye Ennie.

Madamu alirudi kwao baada ya miaka miwili, akatuachia sindano na jora moja la kitambaa cha bluu. Bamama wengine walitaka tugawane kitambaa kila mutu aende kwake. Ennie akasema, "Soksi tuziache, lakini Alhamisi tubaki nayo." Tukakata vitambaa vya kichwa kumi na vinne, na kila Alhamisi tulivivaa na kwenda katika nyumba moja yenye shida. Mama amejifungua hana wa kumulowekea mihogo, tunaenda. Mujane nyumba yake imepasuka na mvua iko karibu, tunakanyaga udongo, tunakandika kuta mpaka juu. Mugonjwa tunamufulia, tunamuchotea mayi, tunamuchana nywele. Watu wakituona tunapita na yale mavitambaa walisema, leo kilabu inakwenda kwa nani? Na mutu aliyengoja kutembelewa alifagia kwanza, ili tusikute uchafu, tukamugombeza, tukamwambia, bibi wewe, umetuibia kazi.

Nakumbuka siku tuliyokandika nyumba ya mujane mumoja kule njia ya Kashikishi. Ennie alinipaka udongo mugongoni nikiwa nimeinama, nikamufukuza mpaka ndani ya ziwa na nguo zangu zote, mimi niliye na wajukuu, na bamama wanapiga kelele kwa jina langu la hapa, mama wa Jairos, "Bana Jairos, mushike, mushike." Mume wa Ennie alikuwa amekwenda migodini Mufulira. Hakuwa amepata mutoto bado. Kila jioni alikuja hapa nyumbani, akakaa pale mulangoni, pale pale ulipoweka muguu wako, Eneless, akanifundisha Kibemba cha kusema mambo ya ndani, nami nikamufundisha Kiswahili cha kwetu cha kubembelezea. Nikiulizwa ninamukosa nani katika dunia hii, baba yenu nitamukuta ninakokwenda. Ninamukosa yule aliyekuwa akikaa mulangoni.

Sasa sikilizeni kosa langu. Katika kilabu tulikuwa na sheria moja, na niliitunga mimi. Huko nyuma watu walikuwa wanakuja kwenye musiba ao kwa mugonjwa wakijifanya kusaidia, kumbe wamefuata sufuria. Wanaondoka, mwenye nyumba anabaki hana hata unga wa kesho. Nikasema sisi hatutakuwa hivyo. Aliyevaa kitambaa cha bluu asile kitu katika nyumba anayoisaidia, hata kipande cha muhogo. Wote walikubali, na sheria ile ilitupa jina zuri kandokando ya ziwa lote. Nilijivuna nayo. Nilikuwa mugeni aliyewapa wenyeji sheria.

Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa mvua, bibi Kasonde alianguka akavunjika nyonga. Munamujua, yule anayekaa peke yake nyuma ya kanisa. Kila Alhamisi tulikwenda wawili wawili, na Ennie akaomba zamu yake iwe kila wiki, nikamusifu mbele ya wote. Alhamisi moja tulikwenda naye, tukamaliza, nikatangulia kurudi, njiani nikakumbuka nimesahau kisu changu. Nikarudi. Nikamukuta Ennie nyuma ya nyumba amechuchumaa, ile sahani ya bati mapajani, anakula bukari baridi, ugali wa mihogo, na ukoko wa sufuria, anakula haraka, kitambaa cha bluu kimeshuka mpaka kwenye macho. Aliponiona hakusimama. Alisema, "Yaya, nilikuwa naosha vyombo." Mashavu yamejaa.

Ningeuliza neno moja tu. Sikuuliza. Nilinyosha mukono, nikaichukua sahani na kile kilichobaki ndani yake, nikamwaga kwa kuku, nikaondoka nayo.

Alhamisi iliyofuata niliileta mbele ya bamama wote, nikaiweka katikati ya mukeka kama vile wanavyoweka kitu cha mwizi. Nikasema kwa kile Kibemba alichonifundisha yeye: Ennie, ulikula ao hukula? Akasema, "Nilikula." Mara ngapi? Akasema, "Kila Alhamisi." Mama mumoja akacheka nyuma, akasema kumbe ndiyo maana anapenda zamu. Ennie akavua kitambaa chake, akakikunja mara mbili, akakikunja tena, akakiweka juu ya sahani ile. Hakulia. Aliniangalia mimi peke yangu, akasema kwa Kiswahili, ili wengine wasielewe vizuri, "Yaya, weye ulikuwa unakaa na mimi kila siku mulangoni kwako." Basi. Akatoka. Na mimi nikafikiri ananikumbusha urafiki ili nimuachilie, nikaongeza ukali.

Mwezi ukapita, nikamupelekea Kasonde sahani yake. Yule bibi akageuza uso ukutani. Akasema, "Siitaki. Mimi ndiye niliyekuwa namupa. Mumewe hajaleta hata barua tangu mavuno, mutoto wa watu alikuwa anaanguka njiani na ndoo. Muliona mayi yamefika, Bana Jairos, hamukumuona anayeyabeba. Nilimwambia, kula, nani atakuona? Ipeleke kwa mwenye njaa." Wanangu, niliinuka pale, sahani mukononi. Kumbe jioni zile zote alizokaa mulangoni mwangu alikuwa anangoja nimwambie karibu mezani, na mimi, kwa kuwa alikuwa wa kilabu, kwa kuwa alikuwa upande wa wanaosaidia, nilimupa maneno tu. Tulitafuta shida katika kila nyumba ya Nchelenge isipokuwa chini ya vitambaa vyetu.

Nilikimbia kwake. Mulango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Jirani akasema amepanda mutumbwi wa wachuuzi kwenda kisiwa cha Chisenga, kwa ndugu ya mama yake. Chisenga si mbali. Siku moja ya kasia. Ninaona moshi wao hewa ikiwa safi. Na sikwenda. Kwanza nilisema mvua, kisha nikasema mavuno, kisha miaka ikafanya aibu kuwa nzito kuliko mutumbwi. Na kilabu ikafa. Hakuna aliyeivunja, bamama walianza kuogopana tu, kila mumoja anaficha njaa yake na ugonjwa wake asionekane ndiye anayehitaji, Alhamisi tukawa kumi, tukawa sita, tukawa mimi na mukeka.

Sasa mimi ndiye nyumba yenye shida. Kila Alhamisi nasikia miguu njiani, nafikiri ni wao. Inapita.

Jairos, juzi nilikuomba ukamulete Ennie, ukanijibu, "Mama, atakataa, utajiaibisha bure." Huo si woga wako, ni wangu, umenirithi nikiwa bado hai. Kesho asubuhi, kabla upepo haujaamka, weka mutumbwi majini, nenda Chisenga. Usipeleke samaki, usipeleke nguo, asifikiri namulipa. Mwambie hivi: yaya yako anasema, njoo ule. Usiongeze neno. Akikataa, umuitikie vizuri, urudi. Akikubali, mumupikie bukari ya moto na samaki na sombe la majani ya muhogo, mumuwekee katika sahani ile, na asifagie kwanza, asichote mayi kwanza, asishike kazi yoyote mpaka ameshiba. Kama nitakuwa hai nitamupa kwa mikono yangu. Kama sitakuwa hai, wewe Eneless utamupa, na utakaa naye, utakula naye sahani moja, watu wakiona.

Nipeni mayi kidogo.

Mutumbwi na nyavu za baba yako ni zako, Jairos, lakini musigombane na watu wa Puta juu ya lile eneo la kuvulia. Ugomvi ule ulikuwa wa Mulenga, umuache alale nao. Shamba la mihogo ni la wote, analima anayekula. Nyumba ni ya Eneless, kwa kuwa ndiye ameniosha. Febby, sindano za madamu. Ujifunze kufuma kitu ambacho mutu anaweza kukivaa.

Naona nyote munalia. Mulie polepole, nimechoka na kelele. Mungu awape mulango usiofungwa. Akae na ninyi majini na pwani. Mutu akija kuwasaidia... mumutazame uso. Mumuulize amekula. Hilo tu. Nimesema mambo mengi, hilo tu ndilo... Jairos, kasia iko wapi? Nioneshe. Ndiyo. Iweke hapo ninapoiona. Eneless, fungua mulango. Hapana, wote. Mpaka mwisho. Leo ni siku gani?

*

Hapo mama alinyamaza, nami Eneless nikangoja pumzi yake kama alivyotuambia. Ilikuwa Jumatano. Alikufa Alhamisi jua likiwa juu, kasia haipo tena pale alipoiona, kwa kuwa Jairos alikuwa ameondoka nayo alfajiri. Ennie alifika Ijumaa, siku ya mazishi, na mutoto mugongoni. Jairos anasema alimupa maneno yale, naye akauliza tu, "Anapumua?" akaingia mutumbwini.

Bamama wa zamani walikuwa wamekuja, wengine na vile vitambaa, wamepika tangu asubuhi na hakuna aliyeonja. Ennie akakaa mulangoni, pahali pake. Nikamuletea sahani ile imejaa. Aliitambua. Akanawa, akaanza kula, nami nikala naye, mbele yao wote, na aliposhiba akaisukuma kwa mama aliyekaa karibu, yule aliyecheka siku ile. Yule mama akasema yuko kazini. Ennie akamwambia, "Kula, yaya. Najua sauti ya tumbo." Akala. Sahani ikazunguka.

Jairos ana mutumbwi na nyavu, na watu wa Puta wanamusalimia. Shamba tunalilima wote. Nyumba ni yangu, na mulango wake tuliondoa kufuli. Febby ana sindano, amefuma kofia ya mutoto wa Ennie, ina matundu. Sahani ni ya Ennie. Kitambaa kile alichokikunja mara mbili na tena, mama alikuwa amekihifadhi chini ya sahani hiyo bila kukikunjua. Ennie alikikunjua jioni ile, hakukivaa, alifungia ndani yake ukoko wa sufuria ya musiba ungali wa moto, akatoka nao kwa bibi Kasonde.